Watoto Wawili, Kundi Moja

Helmeti ilipogusa tu masikio ya Kilian, vifaa vyake vya kusikilizia vilianza kupiga mluzi. Kijana wa duka la kukodisha skii za kutelezea thelujini aliinua macho kutazama taa, akidhani ndiyo mbovu. Watu wa nyuma kwenye foleni wakatazamana. Kilian mwenyewe, mtoto wa miaka saba, alikuwa akichekelea tu, kwani mluzi ule ulimkera kila mtu mle ndani isipokuwa yeye asiyeusikia.

"Inambana," mama yake, Gerlinde Pokorny, alisema upesi. "Tupatie kubwa kidogo, tafadhali. Samahani. Asante."

Kubwa kidogo nayo ikapiga mluzi. Iliyofuata ilimcheza kichwani kama sufuria, na bado ikapiga mluzi. Gerlinde akaona isiwe tabu. Akapenyeza vidole chini ya helmeti, akavichomoa vifaa vyote viwili, akavitia mfukoni na kufunga zipu. Duka likatulia. Kilian akamgeukia dada yake Vali, msichana wa miaka kumi na mmoja, kumsoma usoni kuna nini. Vali akamwambia kwa midomo, bila sauti: "Imekukaa. Umependeza."

"Sasa huko mlimani atasikiaje?" Herwig, baba yao, alimnong'oneza mkewe.

"Si Vali yupo?"

Katika nyumba ile maneno hayo yalikuwa yamekwisha kumaliza mabishano mengi, na hakuna aliyewahi kumuuliza Vali anayaonaje.

Walikuwa wametoka Marchfeld, tambarare tupu upande wa Vienna, ambako kilima kirefu kuliko vyote ni rundo la viazisukari mbele ya kiwanda cha sukari anachofanyia kazi Herwig. Kiwanda kina nyumba ya mapumziko huku milimani Styria, na wafanyakazi huingia kwa zamu, ila wiki ya likizo ya Februari siku zote huwa ya wakubwa na jamaa zao. Mwaka huu mkubwa mmoja alivunjika mguu, bahati ikamwangukia Herwig. Gerlinde alishukuru mpaka akapitiliza. Alimshukuru mwenyekiti wa wafanyakazi, akamshukuru shemeji yake aliyewaazima nguo, na asubuhi alipofungua dirisha akaishukuru theluji yenyewe. Mumewe alimtania kwamba iko siku ataushukuru hata mguu wa bosi.

"Nimeshaushukuru," Gerlinde alimjibu.

Ofisi ya shule ya skii ilikuwa kibanda cha mbao chenye joto la kumtoa mtu jasho. Foleni ilifika mlangoni. Binti wa kaunta alikuwa akisema maneno yale yale tangu asubuhi, na kufikia alasiri hiyo ya Jumapili alikuwa akiyasema bila kuyasikia.

"Kuna kundi, na kuna mwalimu binafsi. Kundi ni watoto wanane, asubuhi mpaka alasiri, chakula cha mchana humo humo. Mwalimu binafsi mnamlipa kwa saa, anakuwa wenu peke yenu. Mnachukua lipi?"

Herwig aliinama kusoma bei ya mwalimu binafsi, akakohoa. "Hii ni ya wiki?"

"Ya saa."

Herwig akasoma upya, labda bei itaona haya ishuke.

"Kaka," alisema mtu aliyekuwa nyuma yao, bwana mmoja wa Vienna mwenye miwani ya theluji ya rangi ya dhahabu, "kama mngali mnafikiria, tupisheni sisi tuliokwisha kufikiri."

"Tunachukua kundi," Gerlinde alisema, uso umemwiva. "Ila wakae kundi moja wote wawili. Tafadhali."

"Mabinti wana umri gani?"

"Huyu ni mvulana."

Kilian alikuwa amevaa nguo ya theluji ya zambarau yenye maua kifuani, iliyokuwa ya Vali zamani. Bwana wa Vienna akacheka kwa pua. Binti wa kaunta akaomba radhi, kisha akaendelea pale pale alipoachia. "Makundi tunayapanga kwa uwezo, mama, si kwa nyumba. Anayejua zaidi anapanda."

"Hawajui kitu. Sifuri kwa sifuri, hao."

"Haya. Kuna jambo lolote mwalimu anapaswa kulijua? Ugonjwa, woga, chochote?"

Gerlinde alikumbuka bwawa la kuogelea la kwao. Huko alisema ukweli wote. Mwalimu wa kuogelea alikuwa mpole kabisa. Alisema kwa usalama wa mtoto ni lazima apatikane mtu wa kuwa naye peke yake, na mpaka apatikane, Kilian akae kwenye benchi awaangalie wenzake. Mtu hakupatikana. Kilian alikaa kwenye benchi muhula mzima, amevaa kofia yake ya kuogelea, mkavu.

"Hapana," Gerlinde akasema. "Hakuna chochote. Asante sana."

Herwig aliangalia viatu vyake. Vali alimwangalia mama yake, kisha akamshika mdogo wake mkono, na kwa jinsi alivyomshika ilikuwa wazi kwamba ameshaielewa kazi yake ya wiki nzima.

Asubuhi iliyofuata walimkuta mwalimu wao, Burgi, mwanamke wa makamo ambaye uso ulikuwa umembabuka kwa jua na theluji. Wakati wa kiangazi alikuwa mfugaji, na watoto aliwakusanya kwa sauti ile ile aliyowaitia ng'ombe wake.

"Wazazi, busu moja kisha mpotee!" alipaza sauti. "Mtoto akimwona mama yake anasahau kwamba ana miguu. Na atakayejificha nitamfuma, nimvalishe skii yeye."

"Asante sana, Bi Mwalimu," alisema Gerlinde.

"Bi Mwalimu ameachwa kule chini barabarani. Huku juu hatuna bi wala bwana. Mimi Burgi. Wewe nani?"

"Gerlinde."

"Haya, Gerlinde, potea."

Wakapotea. Walikaa mgahawani, wakaagiza chai, wakainywa kwa kuibembeleza mpaka mhudumu akaja kufuta meza ambayo haikuwa chafu. Herwig alikuwa na jambo kooni, na mwishowe likamtoka.

"Tumwambie yule mama. Anaonekana mtu wa kuambika."

"Yule wa bwawani hakuonekana mtu wa kuambika? Alinipa mpaka kitambaa cha kulilia."

"Gerli, ni mlima huu. Si bwawa."

"Kesho. Amzoee kwanza, amwone kwamba anaweza. Akishamzoea atamwondoaje?"

Alasiri walipokwenda kuwachukua watoto, Gerlinde alikuwa na roho juu. Burgi alikuwa mbele, watoto wamemfuata nyuma mmoja mmoja wamepinda kama nyoka, na wa mwisho kabisa walikuwa wawili wa kwake. Kilian alishuka, akakaribia uzio, akazikutanisha ncha za skii mbele kama kipande cha pizza, akasimama. Mwenyewe. Hakuna aliyemshika. Kisha akainua mikono yote miwili na kupiga ukelele uliowageuza watu mpaka mgahawani.

"Mama! Nina breki!"

Gerlinde alilia waziwazi, na hakujali nani anamwona. Alimshukuru Burgi, akamshukuru mwendesha mkanda wa kupandishia watoto, akataka kumshukuru na bwana wa Vienna aliyekuja kumchukua mwanawe, lakini Herwig alimvuta mkono.

"Huyu wa zambarau mzuri," Burgi alisema, akipangusa pua kwa glavu. "Mkaidi tu. Unamwita, anakupa mgongo mpaka dada yake amguse. Lakini huyo dada! Amejifunzia wapi?"

"Hajajifunza popote. Anateleza kwenye barafu kwetu, bwawa likiganda."

"Ndiyo maana. Basi huku chini ananipotezea siku, na mimi nampotezea. Kesho asubuhi napima kundi zima, na huyo nampandisha kwa Wekundu, wale wanaopelekwa juu kwa viti vya waya."

"Hapana," Gerlinde alisema, haraka mno.

"Hapana nini?"

"Abaki na mdogo wake. Ana... ana aibu sana, Vali. Hawezi kwenda na wageni."

"Aibu? Huyo? Leo ameniuliza maswali mpaka nimekimbilia chooni kupumzika." Burgi alichomeka fimbo zake kwenye theluji. "Sikiliza, Gerlinde. Anayeweza anapanda. Simweki mtoto chini kwa sababu mama yake ndivyo anavyopenda. Kesho napima."

Vali alikuwa hapo hapo, akimfungulia Kilian kamba ya helmeti. Hakuinua kichwa.

Jioni walikula supu ya chapati zilizokatwa nyembamba. Kilian, vifaa vyake vikiwa vimerudi masikioni, alikuwa akieleza breki zake kwa mara ya nne, safari hii kwa kutumia uma mbili.

"Vali," Herwig alianza, "mwalimu anasema wewe ni wa kundi la juu."

"Nimesikia."

"Ungependa?"

Vali aliuangalia uso wa mama yake kabla ya kujibu. Alikuwa na mazoea ya kusoma nyuso za watu, na uso wa Gerlinde ulisomeka hata na asiyejua kusoma.

"Sitaki," akasema. "Juu kuna baridi. Na wale wakubwa wana maringo."

"Basi kama hataki, hataki," Gerlinde aliingilia, na mzigo ukamtua kifuani. "Mnaona? Mtoto mwenyewe hataki. Mungu ni mwema."

"Sidhani kama Mungu ndiye aliyejibu," Herwig alisema polepole.

Gerlinde alijifanya hakusikia. Alimwongezea Vali supu bila kuombwa, akamchagulia vipande vinene, na usiku huo alilala vizuri, jambo ambalo baadaye lilimtia haya kuliko mengine yote.

Asubuhi, baada ya busu, Herwig alikwenda mgahawani na Gerlinde akasema anakwenda chooni. Hakwenda chooni. Alizunguka nyuma ya kibanda, akajibanza kando ya tingatinga la kusawazishia theluji, akachungulia.

Burgi alikuwa chini ya kilima kidogo. Watoto wanane walikuwa juu, na kila mmoja alishuka peke yake wengine wakingoja. Mvulana wa yule bwana wa Vienna alishuka kwa mbwembwe na kusimama kwa kujigonga kwenye uzio. Wawili waliofuata walishuka huku wakilia. Kisha ikawa zamu ya Vali.

Kona ya kwanza aliikata laini. Ya pili laini zaidi, magoti yamekunjika, mikono imetulia, na Gerlinde akajikuta amesimama wima bila kujificha, kwa fahari. Hapo Vali akageuza shingo kutazama juu, kwa Kilian, ambaye alikuwa akiangalia ndege. Akatazama kando. Akachagua mahali penye theluji nyingi, laini, akaketi.

Watoto wakacheka. "Gunia la viazi!" alipiga kelele mvulana wa Vienna. Vali naye akacheka pamoja nao, akijipangusa matako.

"Jaribu tena," Burgi alisema.

Akajaribu tena. Safari hii alifika chini kidogo zaidi, akatafuta, akapata mahali, akaketi.

Gerlinde alimjua mtoto wake kwenye barafu tangu akiwa na miaka minne. Vali akianguka kweli huanguka kwa hasira, bado akipigana na kuanguka kwenyewe. Huku hakukuwa kuanguka. Na pale kando ya tingatinga, miguu imemfa ganzi ndani ya viatu vya kuazima, mama yule aliona mara zote ambazo mwanawe ameketi. Aliketi alipoacha kwaya kwa sababu siku ya kwaya ndiyo siku ya Kilian ya mwalimu wa kutamka. Aliketi kwenye tamthilia ya shule, akaligeuzia jukwaa mgongo ili Kilian apate kuisoma midomo yake. Na kila mara alisema maneno yale yale, sitaki mama, nimechoka mama, na kila mara Gerlinde alimshukuru Mungu. Mtu aliyeushukuru mguu wa bosi hakuwahi kumshukuru mtoto huyu hata siku moja.

Alitoka pale alipojificha. Alipita chini ya kamba, akateleza, akapiga magoti, akainuka, akateleza tena, na umbali uliobaki nusu yake aliumaliza kwa miguu minne. Watoto waliacha kumcheka Vali wakaanza kumcheka yeye.

"Gerlinde!" Burgi aliweka mikono kiunoni. "Nilisema nini jana?"

"Mwanangu hasikii."

"Nani hasikii?"

"Kilian. Wa zambarau. Bila vifaa vyake hasikii, na vifaa haviwezi kukaa ndani ya helmeti. Vali ndiye anayemwambia. Ndiyo maana anaanguka. Haanguki huyo! Anakaa, ili abaki naye."

Burgi alimtazama Vali aliyekuwa bado kwenye theluji, akamtazama Kilian kule juu, akarudisha macho kwa Gerlinde, na uso wake wote ulikuwa umebadilika.

"Jana," alisema taratibu, na utaratibu ule ulitisha kuliko kelele, "pikipiki ya theluji ya waokoaji ilikatiza pale. Nikapiga ukelele, simameni wote! Wote wakasimama. Wa zambarau akaendelea kushuka. Dada yake akamrukia kwa nyuma akamwangusha. Unajua nilifanya nini? Nilimgombeza dada. Nilimgombeza mbele ya wenzake kwa kumwangusha mdogo wake, nikamwambia akirudia namtoa. Na hakusema neno. Hata moja!"

Kwa macho ya akili Gerlinde alimwona Kilian na pikipiki, akamwona Vali akigombezwa kimya, amelishika lile "hapana, hakuna chochote" alilolisikia pale kaunta.

"Sikujua," akasema.

"Ungejulia wapi? Nilikufukuza. Lakini Jumapili uliulizwa."

"Niliulizwa."

"Ukasema hakuna."

"Nikasema hakuna. Kwingine niliposema kipo, walimweka kwenye benchi muhula mzima." Machozi yalikuwa yakimtiririka, na hakuyafuta. "Nigombeze. Ni haki yako. Lakini usimweke kwenye benchi."

"Benchi nilitoe wapi, mwanamke wewe?" Burgi bado alikuwa na hasira. "Hapa kote ni theluji. Akikaa atagandisha makalio. Umenifanya nimpigie kelele kisogoni mtoto asiyesikia siku nzima, halafu unaniambia habari za benchi! Ungeniambia Jumapili, mambo yangekuwa yameisha Jumapili."

Akageuka, akawapungia wote washuke. Walipokusanyika, Kilian katikati yao akimwangalia mama yake kwa mshangao, Burgi alichuchumaa mbele ya Kilian, uso kwa uso, akavua miwani yake ya theluji na kuvuta shali ikaacha mdomo wazi.

"Wewe," alisema polepole, akimnyooshea kidole, "nyuma yangu. Wa kwanza. Kila siku. Umenielewa?"

Kilian aliitikia kwa kichwa, macho yamemtoka.

"Na ninyi wengine, sikieni. Kuanzia sasa kundi hili halipigi kelele. Fimbo yangu ikiwa juu, mnasimama. Ikielekea upande, mnaelekea huo. Aliye mbele akisimama, na wewe simama. Atakayeongea ananiletea biskuti kesho."

"Kama majasusi!" alisema mvulana wa Vienna.

"Umeshadaiwa biskuti. Haya, na wewe msanii wa kuanguka, njoo hapa. Jana nilikugombeza bure. Nisamehe."

Vali alikuwa akimtazama mama yake, na hakuwa na furaha hata chembe. "Mama, umesema!"

"Nimesema."

"Si wewe ndiye uliyesema hakuna? Mimi nimenyamaza mpaka... nimenyamaza!"

"Najua, mwanangu. Nilikosea mimi."

"Sasa nani atamwambia? Mwalimu huyu anageuka-geuka akiongea! Leo amechuchumaa mbele yake, kesho atasahau. Watu wote huwa wanasahau. Nani atamwambia?"

Kilian hakuwa amesikia neno. Lakini aliziona nyuso, akajua ni yeye anayezungumzwa, na akaona hapo ndipo mahali pa kutoa dukuduku lake. Bila vifaa vyake hakuwa na kipimo cha sauti. Alipayuka mlima mzima ukasikia.

"Mwambieni Vali ahame! Ananiziba! Kila mwalimu akionyesha kitu, Vali kasimama mbele yangu!"

Burgi akaangua kicheko kilichomfanya aegemee fimbo zake.

"Nakuziba?" Vali alisema. Akasahau kumsemea kwa midomo, ikabidi arudie, safari hii uso kwa uso. "Mimi? Nakuziba?"

"Ndiyo. Una kichwa kikubwa."

Vali akawa mwekundu mpaka shingoni. Ungeona alitaka kulia, akataka kumpiga, akataka kucheka, na vyote vitatu vikagombania uso mmoja. Gerlinde akapiga magoti kwenye theluji, safari hii kwa kutaka, akamshika mabega.

"Vali. Asante."

"Ya nini?"

"Ya jana. Ungechelewa kumrukia mdogo wako, sijui leo ningekuwa wapi. Ya leo pia. Ya kwaya, ya jukwaa, ya yote. Nilikuwa nakuona, lakini sikuwa nakushukuru, kwa sababu ningekushukuru ningelazimika kukuachia. Asante, mwanangu. Sasa nenda."

Vali alifuta pua kwa glavu. "Nikianguka kweli je?"

"Utaanguka kweli."

Alipanda kwa mkanda mpaka juu. Alisimama pale kidogo, mdogo kama kidoti, na Gerlinde alimwomba Mungu jambo moja tu, kwamba asitazame kando. Hakutazama. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akaacha kona akanyoosha moja kwa moja, akaongeza mwendo kuliko ilivyohitajika, na alipofika chini akageuza skii ubavu kwa kishindo, theluji ikawarukia watoto wote na Burgi usoni.

"Wekundu," Burgi alisema, akitema theluji. "Sasa hivi. Kabla hajaniua."

Jioni hiyo Herwig aliambiwa yote, na hakusema nilikuambia, ingawa alikuwa na kila haki. Alisema tu kwamba kesho atampelekea Burgi chupa ya mvinyo wa kwao. Kilian alikuja na kidevu kimechubuka na cheo cha jasusi wa kwanza nyuma ya mwalimu. Burgi alikuwa amesahau mara moja kuinua fimbo, Kilian akamgonga kwa nyuma, wote wawili wakaanguka, na mwalimu akajitoza biskuti mwenyewe. Gerlinde aliyasikia haya, moyo ukamruka, akaunyamazisha.

Vali alichelewa kurudi. Aliingia mezani na nywele zimeganda, mashavu mekundu, hakunawa, hakuketi vizuri, akaanza. Viti vya waya vinaning'inia, miguu hewani, chini yako unaona vilele vya misonobari. Juu kabisa upepo unakusukuma hata kama hutaki kwenda. Ameanguka kichwa chini miguu juu, kweli kabisa, skii moja ikaenda zake, mwalimu akaikimbilia. Na yupo msichana mmoja wa Graz, Romana, anajua kushuka kinyumenyume, na kesho watakaa kiti kimoja, na Romana ana mbwa. Supu ilikuwa ikipoa mbele yake, kijiko kimebaki hewani.

Gerlinde alingojea. Kila jioni, miaka yote hiyo, mtoto huyu hakuwahi kukaa mezani bila kuuliza kwanza: Kilian je? Alielewa? Nani alimwambia? Aliuliza siku za homa, aliuliza siku yake ya kuzaliwa. Leo swali halikuja. Herwig naye aliliona pengo lake, akafungua mdomo amkumbushe, na Gerlinde akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Sisi tulikuwa majasusi," Kilian alijipenyeza. "Mimi nilikuwa wa kwanza nyuma ya—"

"Ngoja, sijamaliza," Vali alimkata, bila hata kumgeukia, akaendelea na habari za mbwa wa Romana.

Kilian, vifaa vyake vikiwa masikioni, akafunga mdomo, akangoja. Haikuwahi kutokea katika nyumba ile. Gerlinde aliinama kwenye bakuli lake wasimwone macho, akashukuru kimoyomoyo, akamwacha binti yake aseme mpaka amalize.